Chimor au ufalme wa Wapurépecha: upi uanze nao?

Ukishamaliza Waazteki na Wainka, ambao kila kitabu cha shule huwataja, hatua inayofuata ni majirani zao, na kwa wengi uchaguzi huishia kwa wawili. Magharibi mwa Waazteki, kulizunguka ziwa Pátzcuaro katika jimbo la leo la Michoacán nchini Meksiko, palikuwa na ufalme wa Wapurépecha, ambao vitabu vya zamani huwaita Watarasko. Kwenye pwani kavu ya kaskazini mwa Peru palikuwa na Chimor, ufalme wa Wachimú, mji wake mkuu ukiwa Chan Chan. Wa kwanza uliwapiga Waazteki na ukabaki huru hadi Wahispania walipoingia mwaka 1522. Wa pili ulimezwa na Wainka karibu mwaka 1470, miaka sitini hivi kabla ya Wahispania kufika Peru.

Falme zote mbili zinastahili muda wako, ila ushahidi wake ni wa aina mbili mbalimbali, na hapo ndipo penye uamuzi. Wapurépecha wameacha maneno: historia iliyosimuliwa na wazee wao na kuandikwa miaka isiyofika ishirini baada ya Wahispania kuingia, pamoja na lugha ambayo bado inasikika sokoni. Wachimú wameacha udongo: mji mzima wa matofali mabichi, mifereji, maghala na makaburi, bila msimulizi wa kukuambia kwa lugha yao nani alikaa wapi. Anayependa kusikia watu wakisema aanze Michoacán. Anayependa kuielewa dola kupitia kuta zake na maji yake aanze Chan Chan. Kwa anayeanza kabisa, ushauri wetu ni Michoacán.

Nchi na watu wake

Dola ya Wapurépecha ilienea takriban kilomita za mraba 75,000, kati ya mto Lerma kaskazini na mto Balsas kusini. Wahispania walipoingia, ilikuwa ya pili kwa ukubwa katika Mesoamerika, yaani eneo la tamaduni za kale za Meksiko na Amerika ya Kati, baada ya ile ya Waazteki. Kitovu chake kiko juu: ziwa Pátzcuaro liko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya volkano na misitu ya misonobari. Ukielekea kusini nchi inaporomoka hadi bonde la joto la Balsas, kulikotoka shaba, pamba, kakao na matunda ya nchi ya joto. Kwa hiyo ramani ya ufalme huu isome kwa mwinuko kwanza, umbali baadaye. Watafiti waliolinganisha mashamba ya bonde la ziwa na idadi ya watu wake wanaona kwamba mji mkuu Tzintzuntzan, wenye wakazi wanaokadiriwa kati ya 25,000 na 35,000, usingeweza kujilisha bila ushuru na masoko.

Si raia wote waliokuwa Wapurépecha. Katikati palikuwa pao, lakini mpaka wa mashariki uliwekwa Wamatlatzinca na Waotomí, wengi wao wakiwa wamewakimbia Waazteki. Walipewa ardhi, nao wakapigana kila mara mpaka huo ulipovamiwa. Mji wa Charo, karibu na Morelia ya leo, ulikuwa wa Wamatlatzinca. Kusini waliishi Wanahua na makabila mengine madogo. Kadiri unavyokaribia ziwa ndivyo watu walivyozidi kuwa wa lugha moja. Kadiri unavyokaribia mpaka ndivyo walivyochanganyika.

Chimor ni umbo jingine kabisa, mkanda wa pwani wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, kutoka Tumbes hadi mto Chillón karibu na Lima. Mvua ni nadra, na kati ya bonde moja la mto na jingine ni jangwa. Sehemu inayolimika ni vipande vya kijani vilivyotenganishwa na mchanga, na kila kipande kinaishi kwa maji yanayoshuka kutoka Andes. Moyo wa ufalme ulikuwa mabonde ya Moche, Chicama na Virú, ambako kulizungumzwa Kiquingnam. Kaskazini zaidi, Jequetepeque na Lambayeque, wengi walizungumza Kimochica. Lambayeque ilitwaliwa katika karne ya 14. Huko Wachimú hawakuwaondoa mabwana wote wa zamani. Walijenga vituo vya utawala kwa mtindo wa Chan Chan, kama Farfán katika Jequetepeque na Manchán katika Casma upande wa kusini, wakatawala kupitia hivyo.

Nani anakusimulia

Hapa Michoacán inashinda kwa mbali. Kati ya 1539 na 1541 mtawa Mfransisko, ambaye kwa kawaida hutajwa kuwa Jerónimo de Alcalá, aliandika masimulizi ya wazee kwa ajili ya Antonio de Mendoza, mwakilishi wa mfalme wa Hispania. Hati hiyo, *Relación de Michoacán*, imehifadhiwa katika jumba la kifalme la El Escorial nchini Hispania, nayo ina michoro 44. Sehemu ya kwanza, iliyohusu miungu na sikukuu, imepotea yote isipokuwa karatasi moja. Imebaki sehemu ya pili, historia ya ukoo wa kifalme wa Uacúsecha, na ya tatu, inayoeleza utawala, ndoa, vita, mazishi na kuja kwa Wahispania. Imetafsiriwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, jambo litakalowafaa wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi.

Sehemu ya pili ina nguvu ya pekee kwa sababu ni hotuba. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya Equata Cónsquaro, kuhani mkuu aliyeitwa petámuti alisimama mbele ya watu akiwa na kibuyu chenye vito vya feruzi mgongoni na kibano cha dhahabu shingoni, akasimulia historia ya ukoo hadi jua likazama. Siku hiyohiyo wakosaji walihukumiwa, wakiwemo walioshindwa mara kwa mara kuleta kuni za mahekalu. Moto wa mungu Curicaueri haukuruhusiwa kuzimika, na kuni zilikuwa wajibu wa dola. Ukiliona hilo, utaelewa kwa nini katika masimulizi hayo Tariácuri, mwanzilishi wa ukuu wa Uacúsecha, anamsifu kijana kwa kukusanya kuni kabla ya kumsifu kwa vita.

Isomwe kwa tahadhari lakini. Wasimulizi ni wa ukoo ulioshinda. Watu wa visiwani, waliokuwepo ziwani kabla ya Uacúsecha kupanda madaraka, wanaonekana kwa macho ya washindi. Habari za Wahispania zinategemea sana don Pedro Cuinierángari, gavana mzawa aliyeshirikiana nao, na ana sababu ya kujieleza vizuri. Njia salama ni kuanza na sehemu ya tatu, kwenye sura za maofisa na mafundi, halafu ndipo uingie kwenye hotuba. Anayeanza na hotuba hupotea kwenye majina kabla hajajua nani ni nani.

Upande wa Chimor, historia ya watawala imetufikia kwa maandishi mafupi tu, yakiwemo yale ya Trujillo, mji jirani wa Chan Chan, ya mwaka 1604 yasiyo na jina la mwandishi. Yanasema Tacaynamo alikuja kwa chelezo kutoka baharini, mwanawe Guacricaur akatwaa sehemu ya chini ya bonde, Ñançenpinco akapanuka zaidi, na wa mwisho, Minchançaman, akachukuliwa na Wainka hadi Cusco, mji wao mkuu. Majina hayo hayatoshi kuunganishwa na majumba ya Chan Chan moja kwa moja. Lugha ya Kiquingnam imekufa. Mwaka 2008, katika magofu ya kanisa la Magdalena de Cao, ilipatikana karatasi ya mwanzoni mwa karne ya 17 yenye orodha ya nambari katika lugha ya pwani iliyopotea, yawezekana ni hiyo. Kimochica kilibahatika zaidi, maana Fernando de la Carrera alichapisha sarufi yake mwaka 1644.

Mtawala, ushuru, mpaka

Mfalme wa Wapurépecha aliitwa irecha. Wahispania walimwita cazonci. Chini yake alikuwepo angatacuri, aliyesimamia shughuli za kila siku, na mabwana wanne wa pande nne za mpaka. Ngazi ya chini kabisa walikuwa ocámbecha, kila mmoja akisimamia nyumba 25: aliwahesabu watu, akakusanya ushuru, akaita nguvukazi ya ujenzi na ya kuni. Kila ufundi nao ulikuwa na msimamizi wake, wavuvi wa nyavu mbali na wavuvi wa ndoana, wachonga mawe mbali na mafundi wa manyoya. Kwa mwanafunzi wa utawala hii ni hazina, kwa sababu dola inaonekana kutoka juu hadi mlangoni mwa mkulima.

Mpaka wa mashariki ulikuwa na ngome, mashuhuri zaidi ikiwa Taximaroa, leo Ciudad Hidalgo. Karibu mwaka 1479 mfalme wa Waazteki Axayacatl aliuvuka mpaka huo. Kwa mujibu wa mwandishi Diego Durán, jeshi lake lilikuta Wapurépecha waliolizidi sana kwa idadi, na waliorudi Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, walikuwa wachache mno. Tarakimu za vita vya zamani hazifai kuaminiwa neno kwa neno, lakini matokeo hayana ubishi: Waazteki hawakuitwaa Michoacán kamwe. Mwaka 1520 ndui ilimuua irecha Zuangua. Mwanawe Tangaxuan II akajisalimisha kwa kamanda wa Wahispania Cristóbal de Olid bila vita kubwa, na tarehe 14 Februari 1530 Mhispania mwingine, Nuño de Guzmán, akamuua kikatili akidai dhahabu zaidi.

Chan Chan hakuna ocámbecha wa kusoma habari zake, kuna ramani. Mji ulifunika takriban kilomita za mraba 20, na kitovu chake kama kilomita za mraba 6. Humo mna majumba tisa au kumi ya kifalme, kutegemea nani anahesabu, kila moja likizungukwa na ukuta unaofika mita 9 na zaidi, mpana chini na mwembamba juu. Mlango ni mmoja, upande wa kaskazini. Ukipita unaingia uwanja mkubwa wenye jukwaa na njia ya mteremko. Baada yake ni korido nyembamba zinazopinda, halafu vyumba vya umbo la U viitwavyo *audiencia*. Vingi vyake viko karibu na njia za kwenda kwenye safu za maghala, hivyo wengi huona hapo ndipo ofisa alipokaa kuangalia kinachoingia na kinachotoka. Nyuma zaidi kuna kisima kikubwa kilichochimbwa hadi kwenye maji ya ardhini, na jukwaa la kaburi la mfalme. Nje ya majumba, mafundi waliishi katika vyumba vidogo vya kuta za matete vilivyobanana, na mabaki ya kazi zao, metali na nguo, yamepatikana humo.

Kwa nini majumba yawe mengi? Nadharia iliyokubalika na wengi ni kwamba mfalme akifa, jumba na mali vilibaki kwa ukoo wake, na mrithi akaanza upya: ajenge lake, atafute ardhi yake na watu wake wa kazi. Ikiwa ni hivyo, ushindi wa mabonde mapya haukuepukika. Wapo wanaopinga, wakisema majumba mawili yaliweza kutumika kwa wakati mmoja. Ukichagua Chimor, huu ndio mjadala utakaokaa nao muda mrefu, na ni mzuri, kwa sababu unaweza kuujadili ukiwa na ramani mkononi.

Maji, na yanapoharibika

Hakuna anayeelewa Chimor bila mifereji. Mfereji wa La Cumbre, uliokusudiwa kuleta maji ya mto Chicama hadi bonde la Moche, una urefu wa kilomita 70 hadi 80. Sehemu zake zina mwinuko usiofaa, maji yangelazimika kupanda. Wengine wanasema ardhi ilisogezwa na mitetemeko baada ya ujenzi. Wengine wanasema wapimaji walikosea na maji hayakufika kamwe. Nyuma ya kazi hiyo kuna El Niño: bahari ikipata joto, mvua humwagika juu ya jangwa, mafuriko hubomoa vichwa vya mifereji na kufukia mashamba kwa mchanga. Mafuriko makubwa ya karibu mwaka 1100 yaliharibu sehemu kubwa ya mfumo wa zamani, na baada yake dola ikaelekeza nguvu zaidi nje ya bonde lake.

Huko Huanchaquito-Las Llamas, si mbali na Chan Chan, wachimbaji walikuta mabaki ya watoto 137, watu wazima 3 na llama zaidi ya 200, waliotolewa kafara katikati ya karne ya 15 au kabla kidogo. Walizikwa juu ya tabaka la tope, ishara ya mvua kubwa mahali pasiponyesha. Ni habari nzito, na mwalimu anayetaka kulifundisha somo hili darasani aijue mapema. Michoacán nako mazishi ya mfalme yalikuwa na vifo: masimulizi yanataja wanawake saba waliomfuata, kila mmoja na kazi yake, pamoja na watumishi wengi wa kiume.

Metali, mahali falme hizi zinapokaribiana

Anayechagua kwa ajili ya ufundi ana sababu ya kusoma zote mbili. Ufuaji wa metali ulianza Andes mapema sana, lakini magharibi mwa Meksiko unaonekana kati ya karne ya 7 na ya 8, tayari ukiwa na mbinu zilizokomaa zinazofanana na za Ekuador na Kolombia. Maelezo yanayokubalika zaidi ni wafanyabiashara wa baharini, walewale waliobeba kombe nyekundu za spondylus ambazo Wachimú walizihitaji kwa ibada na fahari. Wapurépecha waliziendeleza mbinu hizo kwa njia yao: njuga za kumiminwa kwa umbo la nta, vibano, sindano na shoka. Bati au aseniki viliongezwa kwenye shaba kwa kiasi kilichozidi mahitaji ya ugumu, kwa sababu vilibadilisha rangi ielekee dhahabu au fedha. Wachimú walipenda zaidi bamba lililofuliwa: vikombe, mapambo ya masikio, mavazi yenye vipande vya dhahabu. Wainka waliwathamini kiasi cha kuwahamishia mafundi wao Cusco.

Ukitaka kwenda kuona

| | Tzintzuntzan (Meksiko) | Chan Chan (Peru) |
|---|---|---|
| Mji wa kufikia | Morelia, kisha Pátzcuaro | Trujillo |
| Umbali | kama km 60 Morelia–Pátzcuaro, km 15 zaidi hadi magofu | kama km 5 kutoka katikati ya mji |
| Mwinuko | zaidi ya m 2,000 | karibu na bahari |
| Kinachoonekana | yácata tano za mawe | jumba la Nik An, kuta na nakshi |
| Shida kuu | mvua Juni–Septemba, baridi ya usiku | jua, hakuna kivuli, El Niño |
| Muda wa kutosha | nusu siku, siku 2 pamoja na vijiji | siku nzima pamoja na mahekalu ya nje |

Yácata ni majukwaa yaliyounganisha duara na mstatili, matano yakiwa yamepangwa mstari mmoja juu ya uwanja uliojazwa, wenye urefu unaozidi mita 400. Ndani ni mawe yaliyopangwa makavu, nje ni vibamba vya volkano viitwavyo xanamu. Vingi viling'olewa kujenga kanisa na nyumba ya watawa chini ya mlima, basi shuka ukaviangalie huko; baadhi bado vina michoro ya kale. Ongeza Ihuatzio kwa piramidi zake za mstatili, na Santa Clara del Cobre, ambako shaba bado inafuliwa kwa nyundo. Ziwa limepungua sana, hivyo usitegemee kuona ufuo wa zamani. Tarehe 1 na 2 Novemba, Sikukuu ya Wafu, vyumba hujaa na barabara husongamana. Anayefuata historia aende wakati mwingine, au usiku wa tarehe 1 Februari, Wapurépecha wanapowasha moto wa mwaka mpya katika kijiji kinachobadilika kila mwaka. Hali ya usalama Michoacán hutofautiana wilaya kwa wilaya. Eneo la ziwa huwa tulivu kuliko bonde la kusini, lakini uliza wenyeji wa Pátzcuaro na safiri mchana.

Trujillo ni kama saa moja kwa ndege kutoka Lima, au usiku mmoja kwa basi. Ukifika Chan Chan, chukua teksi hadi mlangoni. Njia ya kutoka barabara kuu ni ndefu na tupu, na wageni wameporwa hapo. Jumba moja tu, Nik An, zamani Tschudi, ndilo lililoandaliwa kwa wageni, na kuta zake nyingi zimekarabatiwa. Uliza mwongozaji akuonyeshe palipo asili. Akikuambia samaki wanaoelekea pande mbili wanawakilisha mikondo miwili ya bahari, ujue hayo ni maoni ya kufasiri nakshi. UNESCO iliuorodhesha mji huu mwaka 1986, na mwaka huohuo ukawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mvua moja kubwa inatosha kuyeyusha nakshi. Ndiyo maana utaona mapaa juu ya kuta. Machi 2017 Trujillo ilifurika.

Makosa matatu huwapata wageni wa Peru mara kwa mara. La kwanza ni kudhani Huaca de la Luna ni ya Wachimú. Ni ya Wamoche, waliotangulia kwa karne kadhaa. La pili ni kumpa Chimor hadithi ya Ñaymlap, mwanzilishi wa ukoo wa watawala katika masimulizi, ambayo ni ya utamaduni wa Lambayeque. La tatu ni kisu maarufu cha tumi chenye sanamu ya mtu aliyevaa taji la nusu duara, nacho pia ni cha Lambayeque. Meksiko kosa ni moja, lakini limeenea: kuwahesabu Wapurépecha kama tawi la Waazteki. Lugha yao haina undugu uliothibitishwa na nyingine yoyote, na wanaoizungumza leo wanazidi 100,000. Nyimbo zao za pirekua ziliingia katika orodha ya urithi usioshikika ya UNESCO mwaka 2010.

Mwenye siku mbili tu Lima asilazimishe Trujillo. Museo Larco ina vazi kamili la dhahabu la Kichimú. Mwenye siku mbili Mexico City aende kwenye ukumbi wa magharibi wa Museo Nacional de Antropología, aangalie njuga na vibano vya Michoacán kwanza, kisha sehemu za sura ya mafundi ya *Relación* zitakuwa rahisi zaidi kusoma.